Chuma kikivunjwa hupoteza jina

Ukifika Kibuye, Kisumu, asubuhi, utasikia nyundo kabla hujaona soko. Mafundi wa jua kali wanagonga mapipa yawe majiko, wananyoosha mabati yawe masanduku ya wanafunzi, wanayeyusha alumini iliyochoka na kuimimina itoke sufuria. Sufuria nyingi zinazosongewa ugali Kisumu zimewahi kuwa kitu kingine. Biashara ya chuma chakavu ni riziki halali, na anayeitaja kana kwamba yote ni wizi hajawahi kununua jiko Kibuye.

Ugumu ni kwamba sufuria haisemi ilikuwa nini. Waya wa shaba ukishachomwa ganda lake, hutambui kama ulitoka kwenye redio mbovu ya jirani au kwenye transfoma iliyokuwa ikiwasha zahanati. Mwizi wa ng'ombe hubaki na mnyama mwenye rangi, pembe na mwenyewe anayemjua. Mwizi wa chuma hubaki na kilo tu.

Ukanda huu wa ziwa unaonyesha wizi wa aina mbili, na kuuchanganya ndiko kunakopotosha mijadala yetu. Wa kwanza hutafuna kilichosimama. Kiwanda cha sukari cha Miwani, mashariki mwa Kisumu, kiliacha kusaga miwa mwaka 2001. Tangu hapo mitambo yake imekuwa ikinyofolewa kipande kwa kipande. Reli ya tawi iliyofika Butere nayo ilikaa miaka mingi bila treni, ikaliwa vivyo hivyo. Wajenzi wa Reli ya Uganda, waliofika Kisumu Desemba 1901, walipenda mataruma ya chuma kwa kuwa mchwa hawayawezi. Hawakuwaza mchwa wenye msumeno. Wizi huu hauhitaji genge wala ujuzi mwingi, kwa sababu hakuna anayekosa treni ambayo haipiti. Kwa hiyo kurudi kwa treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu Desemba 2021 kulikuwa pia ulinzi wa njia yake: reli inayotumika ina macho.

Aina ya pili hukata kilicho hai: transfoma kwa ajili ya shaba na mafuta yake, mita za maji zenye mwili wa shaba, nyaya za simu, vyuma vya kingo za barabara. Hapa mwizi anahitaji zana, usafiri na mnunuzi asiyeuliza. Na anasukumwa na bei inayopangwa mbali. Mei 2021 tani moja ya shaba ilipita dola 10,000 katika soko la London. Kijana wa mtaa wa Obunga hasomi bei hizo, lakini zinamfikia kupitia mzani wa mtaani.

Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika nchi nzima baada ya minara ya njia kuu ya Kiambere–Embakasi kuanguka, na uharibifu wa makusudi ukashukiwa. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku kuuza, kununua na kusafirisha nje chuma chakavu. Marufuku ilidumu hadi Mei, ikaondolewa kwa masharti makali zaidi ya leseni. Kwa maoni yangu ilikuwa panga la kukatia kucha. Ilimbana fundi anayetafuta kilo tano za alumini sawasawa na mwenye kontena bandarini, tena kontena lina uwezo wa kusubiri kuliko tumbo.

Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 ililenga mahali panapofaa zaidi: kwa mnunuzi. Inamtaka awe na leseni na aweke kumbukumbu za bidhaa anazonunua. Uingereza ilikwenda hatua zaidi mwaka 2012 kwa kuwakataza wafanyabiashara wa chuma chakavu kulipa kwa pesa taslimu. Sisi tuna M-Pesa tangu 2007, na hata muuza omena wa ufukwe wa Dunga hulipwa kwa simu. Malipo ya namna hiyo huacha jina, kiasi na saa. Kuyalazimisha kwenye yadi za chuma kungegharimu kidogo kuliko kuweka mlinzi kwenye kila nguzo.

Njia nyingine ni kukifanya kitu kisiwe na bei. Kifuniko cha zege juu ya shimo la majitaka hakipendezi, na hupasuka, lakini hakuna anayekibeba usiku kukipeleka mizanini. Mita ya plastiki vilevile.

Mita ya shaba, kwa upande wake, ina namba iliyochongwa, inayoweza kuonyesha ilifungwa nyumba gani. Ikifika yadi ikiwa nzima, hata karani mvivu anaweza kuisoma. Ndiyo maana hufika imepasuliwa, ndani ya gunia, chini ya mikebe.