Mshairi Asiyetaka Serikali

Pengine umewahi kusikia watu waitwao waanakisti wakitajwa pamoja na mabomu na wafalme waliouawa. Ni kweli, wako waliofanya hayo. Lakini imani yao hasa ni kwamba watu waweza kuishi kwa kupatana na kusaidiana, pasipo serikali ya kuwaamuru. Leo pokea habari za mmoja wao ambaye hakumtupia mtu bomu.

Bwana huyo ni Herbert Read, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1893 huko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alilima shamba la kukodi. Mwaka 1903 baba akafa, na kwa kuwa shamba halikuwa mali yao, jamaa yote ikabidi kuhama. Mtoto wa miaka tisa, aliyezoea ng'ombe na farasi, akapelekwa shule ya mayatima mjini Halifax, penye moshi wa viwanda. Shamba lile hakulisahau kamwe. Mwaka 1933 alitoa kitabu kizuri juu ya utoto wake, The Innocent Eye.

Alianza kazi kama karani wa benki mjini Leeds, kisha akaingia chuo kikuu. Vita ya 1914 ikamchukua. Alipigana Ufaransa na Ubelgiji, akawa kapteni, akapata nishani mbili za ushujaa. Basi usidhani kwamba baadaye alipinga vita kwa woga. Mdogo wake aliuawa mwaka 1918, vita ikiwa karibu kwisha. Mwaka 1919 alichapisha mashairi yake ya vita, Naked Warriors, wala hakukipamba kifo kwa maneno matamu.

Baadaye alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, akahariri gazeti la sanaa, na akaandika vitabu vingi vya kuhakiki kazi za wachoraji na wachongaji. Wengi walipowacheka wachongaji kama Henry Moore na Barbara Hepworth, yeye alieleza thamani ya kazi zao.

Sasa sikiliza jambo hili. Wakati wa vita ya pili, Waingereza walitaka kupeleka maonyesho ya picha nchi za nje, lakini waliogopa picha za thamani zisije zikapotea njiani. Wakaamua kupeleka picha za watoto, na Read akasaidia kuzichagua. Akakuta picha ya msichana wa miaka mitano: nyoka aliyeizunguka dunia, na mashua. Ilimgusa sana. Aliona kwamba mtoto yule, bila kufundishwa na mtu, amechora umbo linalofanana na yale ya watu wa kale wa mataifa mbalimbali. Mwaka 1943 akatoa kitabu Education Through Art. Humo asema kwamba kuchora, kufinyanga, kuimba na kucheza ngoma si mambo ya kujaza saa za mwisho wa siku shuleni, bali ndiyo msingi wa elimu yote. Na kwamba mtu aliyelelewa katika kuumba vitu hana hamu ya kuvibomoa. Mimi niliyepita chuo cha ualimu naona neno hili lina uzito. Watoto wangapi wamechapwa kwa kuchora ng'ombe pembeni mwa daftari la hesabu?

Juu ya serikali simwafiki. Ndugu wawili wakigombania mpaka wa shamba, lazima awepo wa kuamua. Hata hivyo, mwaka 1945, wahariri watatu wa gazeti la waanakisti walipofungwa miezi tisa, Read alisimama hadharani kuwatetea, akawa mwenyekiti wa kamati ya kulinda uhuru wa watu kama hao.

Kisha, ajabu, mwaka 1953 alikubali heshima ya Malkia, akaitwa Sir Herbert. Wenzake walikasirika mno: mwanakisti gani huyu ampigiaye malkia goti? Lakini mwaka 1961, Sir huyo huyo, mzee wa miaka 67, aliketi barabarani London pamoja na umati wa watu kupinga mabomu ya nyuklia.

Mwenyewe hakuwa mtu wa dini. Mkewe, Ludo, alikuwa Mkatoliki, na watoto wao walilelewa katika dini hiyo. Mwana wao, Piers Paul Read, alisoma kwa watawa Wabenedikto wa Ampleforth, akawa mwandishi wa vitabu. Mwaka 1949 jamaa hiyo ilikuwa imehamia Stonegrave, si mbali na lile shamba la utotoni, na huko ndiko Read alikofariki mwaka 1968.