Unataka kuwa dokta wa meno? Anza na njia

Dogo, Egzeta umepita, asilimia zinapendeza, na kila yaya wa kartye anakuita dokta kabla hujafunga hata begi. Wewe umesema hutaki kutibu kila kitu, unataka meno tu. Freshi kabisa. Hapa Uvira, mtaa wa Nyamianda wote unajua vile tunaishi na jino bovu: unavumilia, unavumilia, shavu likivimba ndio unatafuta mtu wa kung'oa.

Sasa fomu uitume wapi? Masela wengi wanaanza na jina la chuo, kama wanachagua jezi ya timu. Hiyo ni kuzingua. Mtoto wa Uvira anaanza na njia, halafu lugha, halafu franga.

Chukua Kinshasa. Chuo Kikuu cha Kinshasa, UNIKIN, kina fakilte ya meno, masomo ni kwa Kifaransa ulichozoea darasani, na diplome yako ni ya nyumbani, hakuna kukimbizana na ekivalansi kwa Leta. Tatizo ni kufika. Kwa gari usijaribu. Na tangu waasi wa M23 washike Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, ndege za upande ule zilikatika. Basi unavuka kwenda Burundi pale Kavimvira, kama mpaka uko wazi, unapanda ndege Bujumbura, nchi ya watu, ili uende kwa mji mkuu wako mwenyewe. Noma!

Kigali kwa ramani ni hapo tu, na Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza kufundisha madaktari wa meno 2013. Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa kwanza 2024. Mzee akikuambia "ni karibu", mwonyeshe hiyo.

Mimi macho yangu yako Dar. Pale MUHAS, Muhimbili, meno yanafundishwa tangu 1979. Unapiga miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa kazi chini ya wakubwa. Darasani ni Kiingereza, na hapo utasota, sikudanganyi. Ila ukifika kwa mgonjwa, ni Kiswahili mwanzo mwisho. Wiki ya kwanza watacheka "batoto" na "bantu" zetu, wacha wacheke. Mama akisema jino linavuta hadi kwa sikio, wewe umeshadaka, wakati mwenzako aliyeenda Makerere, Kampala, bado anatafuta mtu wa kumfasiria Kiganda. Nairobi nayo ni moto, chuo chao kilianza meno 1974, lakini maisha ya mji ule yanakula mfuko, bana.

Kuna mtego: diplome yetu ya Leta haisomeki kwao hivi hivi. Tanzania inapitia baraza la mitihani, NECTA, ili ilinganishwe na ya kwao, Uganda ni UNEB. Anza mapema, maana fomu ikifungwa haikungoji. Kama ulisoma bio-shimi uko na nafuu. Ulisoma komersiali, kaa chini kwanza, tuongee.

Kwa ada, usiulize "ni bei gani?" tu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, kwa hiyo uliza hivi: mimi Mkongo nalipa kama mtu wa Jumuiya ama kama mgeni? Vifaa vya mazoezi nanunua mwenyewe? Na hili wengi wanalisahau: viti vya kutibia viko vingapi, na tunapangana wangapi kwa kiti kimoja? Chuo chenye geti la kung'aa na viti viwili, utamaliza ukijua meno ya plastiki tu. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne umuulize yeye, siyo ofisi ya matangazo.

Ningekuwa wewe: Dar ya kwanza, Kampala ya pili, na Kinshasa kama una mjomba wa kukulaza Lemba, upande wa UNIKIN. Ila hata kabla ya fomu, paspoti. Bila hiyo unajaza makaratasi ya bure.