Je, saa janja ni ya lazima kwa mgonjwa wa moyo? Somo kutoka Kampala

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo huwa hatarini zaidi anapokuwa mbali na daktari. Maji hujikusanya mwilini polepole: miguu huvimba, pumzi humwishia upesi, na kulala chali huwa taabu. Hali hiyo ikigunduliwa mapema, mara nyingi kurekebisha dawa hutosha. Ikichelewa, mgonjwa hulazwa.

Ndiyo sababu watafiti wanavijaribu vifaa vinavyovaliwa mwilini. Saa janja huangaza mwanga kwenye ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo, na pia hupima mwendo wa mvaaji. Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti wa kampuni ya Apple na mtandao wa hospitali wa University Health Network wa Toronto, Kanada, ili kubaini iwapo saa hiyo inaweza kuonya kabla hali ya mgonjwa haijazorota.

Toronto ndiko pia ilikobuniwa programu ya Medly, iliyorekebishwa kwa ajili ya wagonjwa wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala. Mfumo huo haudai saa wala simu ya bei ghali. Mgonjwa hujibu maswali kuhusu dalili zake kwa kubonyeza tarakimu kwenye simu ya kawaida, kama anavyotuma pesa. Majibu yakiashiria hatari, wahudumu wa afya huarifiwa.

Haja ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la juu la damu. Hao ni watu ambao familia bado zinawategemea.

Wenye vifaa hivi nao wawe na tahadhari. Mwaka 2020, utafiti wa Marekani ulibaini kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni, ambavyo pia hutumia mwanga, vilishindwa kutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo, kifaa kikionyesha hali shwari ilhali pumzi inakatika, amini mwili wako na uende hospitali.

Na usidharau mizani ya nyumbani. Uzito wa mgonjwa ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, daktari ajulishwe, hata kama saa haijatoa onyo lolote.