Nyumba ya familia haiuzwi kimya kimya: haki za mwenza, mtoto na mzee

Ardhi inatafutwa sana Nyanda za Juu Kusini. Rungwe watu wanataka mashamba ya parachichi, Mufindi na Kilolo wanataka maeneo ya kupanda miti. Mnunuzi akifika na fedha mkononi, mara nyingi huongea na mtu mmoja tu wa familia. Je, sheria inasemaje kuhusu waliobaki?

Mke na mume

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba ni ya jina lake peke yake.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mauzo ya hakimiliki ya kimila yapate kibali cha halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si kibali cha halmashauri.

Mjane na watoto

Baba akifariki, wapo ndugu wanaosema mwanamke hana chake kwenye ardhi ya ukoo. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo ya vijiji kinasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi halali ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali aliyoiacha mzazi wake.

Kumbuka pia kuwa msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi na kutoa taarifa mahakamani. Akijiuzia au kuficha mali, warithi wanaweza kuiomba mahakama imwondoe.

Wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Umri huo haumwondolei mtu umiliki wa mali yake, na mtoto harithi mali ya mzazi aliye hai. Mzee akiletewa karatasi aweke dole gumba, asomewe yote kwanza, kwa Kinyakyusa, Kihehe au lugha yoyote anayoielewa vizuri, mbele ya mtu anayemwamini. Mkataba uliopatikana kwa vitisho au udanganyifu unaweza kutenguliwa.

Ukionewa, uende wapi?

Mgogoro wa ardhi huanzia baraza la ardhi la kijiji au baraza la kata kwa ajili ya usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa mirathi upeleke mahakama iliyomteua msimamizi. Kama mtoto anateswa au ananyanyaswa, piga 116 bila malipo.

Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na uende mapema, kabla fedha ya mnunuzi haijapokelewa.