Ufuo wenye lango: Siku nne za raha na simanzi Jamaika

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imezoeleka mno vinywani mwetu hata hatujiulizi tena ni kupona gani huko, wala ni mwenyeji yupi hasa anayepona pindi mgeni awasilipo na fedha zake. Mimi nilijiuliza swali hilo mwishoni mwa Julai mwaka 2023, nikiwa nimejilaza chini ya mnazi katika ufuo wa Montego Bay, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Jamaika, dafu likiwa kando yangu. Nikiri mapema, msomaji mpendwa, kwamba jibu nililolipata halikunifurahisha.

Nilikuwa nimekwenda Kingston, mji mkuu wa kisiwa hicho, kuonana na wanaisimu wenzangu wa Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Mona. Kazi ilipokwisha zilinibakia siku nne kabla ya safari ya kurejea nyumbani. Nikaona si haki mtu asafiri zaidi ya siku nzima, kisha arudi bila ya kutia mguu majini. Nikapanda basi, nikavuka milima, nikaingia katika hoteli moja ya kitalii ambamo mgeni hulipa mara moja tu, kisha hula, hunywa na kulala pasipo kutoa senti nyingine. Pale mapokezi nilifungwa ukanda wa plastiki mkononi. Ukanda huo ndio uliokuwa pasi yangu. Aliye nao hufunguliwa kila mlango. Asiye nao haruhusiwi hata kulisogelea lango.

Sitaki nionekane mtovu wa shukrani. Bahari ile ni nzuri, maji yake ni maangavu hata unaweza kuzihesabu nyayo zako mchangani. Mlo wa kwanza nilioandaliwa ulikuwa wali uliopikwa kwa tui la nazi pamoja na maharage mekundu. Nilipoutia kinywani nilijihisi niko Lamu. Nikaelezwa kwamba ifikapo Krismasi maharage huachwa, zikapikwa mbaazi badala yake, na ndugu zangu wa Pwani watanielewa nikisema kuwa moyo wangu ulitulia papo hapo. Asubuhi yake ikaletwa shelisheli ya kuchoma, na tunda liitwalo ackee lililokaangwa pamoja na samaki wa chumvi.

Lakini kila chakula kina nasaba yake. Ackee asili yake ni Afrika Magharibi, na jina lake limetokana na lugha za Kiakan. Samaki wa chumvi alisafirishwa kutoka bahari baridi za Amerika Kaskazini kwa kuwa alikuwa chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Shelisheli nayo ililetwa mwaka 1793 na nahodha Mwingereza, William Bligh, aliyeitoa katika visiwa vya Pasifiki kwa sababu iyo hiyo: wenye mashamba ya miwa walitaka chakula kisicho na gharama kwa watu waliowatumikisha bila ya ujira. Hivyo basi, kile nilichokuwa nikikila kwa starehe juu ya kitambaa cheupe kiliingia kisiwani humo kwa hesabu ya mabwana wa watumwa. Nilikila, na kilikuwa kitamu, ila tangu hapo utamu wake ulichanganyika na shubiri kidogo.

Hata hivyo, kilichonivuta Jamaika si chakula bali ni lugha. Lugha rasmi ya nchi hiyo ni Kiingereza, lakini lugha ya jikoni, ya sokoni, ya mzaha na ya maombolezi ni ile ambayo wenyewe huiita Patwa. Wengi, wakiwemo Wajamaika wenyewe, huidharau na kusema kuwa ni Kiingereza kilichovunjikavunjika. Hilo ni kosa. Ni kweli kwamba maneno yake mengi yametoka katika Kiingereza, kama vile Kiswahili kilivyochota maneno tele katika Kiarabu bila ya kugeuka kuwa Kiarabu. Lakini sarufi ya Patwa ina kanuni zake, na anayezivunja huchekwa.

Nitoe mfano mmoja ambao mwalimu anaweza kuupeleka darasani. Kiingereza sanifu cha leo kina neno moja tu, "you", kwa mtu mmoja na kwa umati wa watu. Patwa haikuridhika na ufukara huo. Mtu mmoja huambiwa "yu", na watu wengi huambiwa "unu", sawasawa na sisi tunavyotenga "wewe" na "ninyi". Na hilo "unu" asili yake ni Kiigbo, ambamo lina maana hiyo hiyo. Karanga katika Patwa ziliitwa "pinda", neno lililotoka katika Kikongo. Huko mashariki mwa kisiwa, katika eneo la St Thomas, wafuasi wa dini ya Kumina wamehifadhi maneno mengi ya Kikongo, na Mungu wao humwita Zambi, kama Wakongo wanavyomwita Nzambi. Wako wanaolisikia neno "nyam", yaani kula, wakakimbilia kulifananisha na "nyama" yetu. Mimi huwatahadharisha wanafunzi wangu: kufanana kwa maneno hakuthibitishi udugu. Wataalamu hulihusisha neno hilo na lugha za Afrika Magharibi, na sisi Wabantu hatuna haja ya kuiba nasaba ya mtu ilhali tunayo yetu.

Wala lugha hiyo haikukosa watetezi. Louise Bennett, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2006, aliitungia mashairi na kuyatongoa jukwaani wakati ambapo waungwana wa Kingston waliona aibu kuisikia. Frederic Cassidy na Robert Le Page walichapisha kamusi yake mwaka 1967. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha West Indies kilianzisha kitengo maalumu cha kuishughulikia, na mwaka 2012 Agano Jipya likachapishwa kwa lugha hiyo.

Nikiwa na elimu hiyo kichwani na daftari mfukoni, nilidhani kuwa nitaisikia Patwa hadi nikinai. Lo! Katika hoteli ile ilikuwa kama moshi. Niliisikia kwa mbali nyuma ya milango ya jikoni, na kila niliposogea iliyeyuka, pakabaki Kiingereza laini cha kumkirimu mgeni. Siku ya pili nilimsikia mhudumu mmoja, mama wa makamo, akitaniana na mwenzake. Nikasogea, nikatia neno langu kwa sentensi niliyojifunza vitabuni. Wote wawili wakanyamaza. Yule mama alinitazama, akalitazama na daftari nililokuwa nimekwisha kulitoa, kisha akaniuliza kwa Kiingereza sanifu kama nilihitaji chochote. Nikamweleza kuwa mimi ni mwalimu wa lugha na kwamba naiheshimu lugha yake. Akanijibu kwa upole:

"Niwie radhi, bwana. Haturuhusiwi kuisema mbele ya wageni. Na nyumbani namkataza mwanangu, maana shuleni itamponza."

Akachukua sinia lake akaenda zake. Nilitahayari, na tahayuri yangu ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni lile daftari. Nilimwendea binadamu mwenzangu kama mtu anayemwendea mdudu wa maabara. Ya pili ilitoka mbali zaidi. Nilikumbuka kibao nilichovishwa shingoni nikiwa darasa la tano kwa kosa la kusema lugha ya mama yangu katika uwanja wa shule. Nikakumbuka pia jambo ambalo sijapata kuliandika: kwamba nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upili, kabla sijarudi chuoni kusomea shahada za juu, mimi mwenyewe nilimvisha mtoto kibao hicho hicho. Alikuwa msichana mpole. Hakulia, aliacha tu kuzungumza darasani kwa muhula mzima. Nilidhani nimemtia adabu.

Tangu saa ile likizo yangu ilibadilika sura. Nilianza kuona mambo ambayo ukanda wa mkononi ulikuwa umenifumba nisiyaone. Mwisho wa ufuo wetu ilinyoshwa kamba, na kando ya kamba alisimama bawabu. Upande wa pili wavulana walikuwa wakiogelea penye mawe, nao hawakuthubutu kuivuka. Kulikuwa na bahari moja, Mwenyezi Mungu mmoja aliyeiumba, na kamba katikati. Nilipouliza nikaelezwa habari ya sheria ya ufuo iliyotungwa mwaka 1956, Jamaika ingali koloni la Mwingereza. Sheria hiyo iliiweka haki ya ufuo mikononi mwa dola, wala haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kwenda kuoga baharini. Uhuru ulipatikana tarehe 6 Agosti 1962, lakini sheria ikabaki, na nilipozuru bado wananchi walikuwa wakiilalamikia hadi mahakamani.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Agosti, sikukuu ya ukombozi. Ni siku ambayo mwaka 1834 utumwa ulifutwa kisheria katika makoloni mengi ya Uingereza, ingawa wengi kati ya watu zaidi ya 300,000 waliokuwa watumwa Jamaika walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao kwa jina la uanagenzi hadi tarehe 1 Agosti 1838. Fidia ya pauni milioni 20 iliyotolewa na serikali ya Uingereza walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Niliuficha ukanda wangu ndani ya mkono wa shati, nikapanda teksi ya kuchangia, iliyosongamana kama matatu zetu za Eastlands, nikaenda mjini.

Katikati ya Montego Bay upo uwanja uliopewa jina la Sam Sharpe. Huyu alikuwa mtumwa na shemasi wa Kibaptisti ambaye, wakati wa Krismasi mwaka 1831, aliwahimiza wenzake wakatae kurudi mashambani pasipo malipo. Mgomo uligeuka kuwa uasi, uasi ukazimwa kwa damu, naye akanyongwa mjini humo tarehe 23 Mei 1832. Miaka miwili baadaye utumwa ulifutwa. Leo ni shujaa wa taifa. Nilisimama pale kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, Patwa ilinizunguka pande zote bila ya kunikimbia.

Kando ya barabara bibi mmoja alikuwa akiuza mahindi na shelisheli za kuchoma. Safari hii daftari nililiacha mfukoni. Nilinunua, nikala nimesimama. Akaniuliza nitokako, nikamwambia Kenya. Uso wake ukachangamka. Akataja Mau Mau, akataja Kenyatta, kisha akanitazama sana, akasema kwa lugha yake bila ya kuilainisha: "Wa mek unu no kom luk fi wi?"

Maana yake ni: "Mbona ninyi hamji kututazama?" Zingatia, msomaji, kwamba hakusema "yu". Nilikuwa peke yangu, lakini alisema "unu". Hakuniuliza mimi niliyesimama mbele yake na hindi mkononi, alituuliza sote. Na kabla sijapata la kujibu akaniuliza tena: kwenu wageni hulala wapi, na ninyi wenyewe mnaogelea wapi?

Sikuwa na jibu la kujivunia. Katiba yetu ya mwaka 2010 imetamka kuwa ardhi iliyo baina ya mstari wa maji kujaa na ule wa maji kupwa ni mali ya umma. Kwa maandishi, tumewapita Wajamaika. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliozaliwa Pwani wanaotembea mbele ya hoteli kubwa za Diani bila ya kutazamwa kama wezi? Na ni mhudumu gani wa hoteli hizo anayemwamkia mgeni wake Mwafrika kwa Kiswahili kabla hajajaribu Kiingereza kwanza? Nilisafiri hadi ng'ambo ya Atlantiki nikashangaa kuona kamba ambayo nimekuwa nikiiruka nyumbani miaka nenda miaka rudi.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi, wala si wenye hoteli. Kamba ya ufuoni huweza kukatwa kwa sheria. Kamba iliyo ulimini hufungwa darasani, na huko huko ndiko itakakofunguliwa. Simwambii mwalimu aache kufundisha Kiingereza sanifu au Kiswahili sanifu. Mtoto ana haki ya kuzipata lugha hizo kikamilifu, na yule mama wa hotelini hakukosea kuliogopea tumbo la mwanawe. Nisemalo ni kuwa lugha haifunzwi kwa kuidhalilisha nyingine. Mtoto anayeambiwa kuwa maneno ya nyanya yake ni uchafu hujifunza kwamba nyanya yake pia ni uchafu, na somo hilo halisahau hata akipata alama A.

Jioni nilirudi hotelini, nikaonyesha ukanda, lango likafunguka. Kesho yake niliukata kwa makasi nikiwa uwanja wa ndege, lakini alama yake ilibaki mkononi kwa siku kadhaa. Ikiwa yuko msomaji ambaye zamani alikuwa msichana mpole katika shule fulani, na mwalimu wake kijana akamvisha kibao, mwalimu huyo anamwomba radhi. Na ikiwa yuko mwalimu ambaye kibao hicho kingali mezani pake hadi leo, namsihi akitie motoni.