Je, Wajua? Unene Huipunguza Vitamini D Kwenye Damu

Vitamini haina kalori hata moja, kwa hiyo kidonge chake peke yake hakimnenepeshi mtu. Baadhi ya dawa za maji zinazouzwa kama "vitamini za kunenepa" huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayochochea njaa, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Hata hivyo, unene na vitamini vina uhusiano wa kweli, ila unakwenda kinyume na tunavyodhani.

Itazame vitamini D. Vitamini B na C huyeyuka kwenye maji, na ukizila kupita kiasi, sehemu kubwa hutoka na mkojo. D, sawa na A, E na K, huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huiweka akiba. Tena si lazima uile: jua likipiga ngozi, mionzi ya urujuanimno huibadili dutu moja ya jamii ya kolesteroli ikawa vitamini D. Ini huipokea, figo huimalizia, ndipo inapousaidia utumbo kufyonza kalsiamu.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, akiwemo Michael Holick, waliwamulika kwa mionzi hiyo watu wanene na wasio wanene, kipimo kimoja. Malighafi katika ngozi zao haikutofautiana. Lakini ongezeko la vitamini D katika damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Watafiti wakasema imenaswa kwenye mafuta ya mwili. Wengine baadaye wakaona ni suala la ujazo tu: kijiko cha chumvi kinachokoleza sufuria ya nyumbani hakisikiki katika sufuria ya shughuli. Mimi naegemea hoja hii ya pili. Kama vitamini ingekuwa imefungiwa tu kwenye mafuta, mtu akikonda ingemwagika kwa wingi kwenye damu. Kumbe hupanda kidogo tu.

Je, haiwezekani upungufu wenyewe ndio unaoleta unene? Mwaka 2013 watafiti walichunguza jeni za watu wapatao 42,000. Waliorithi mwelekeo wa kunenepa walikuwa na vitamini D kidogo; waliorithi upungufu wa vitamini D hawakuwa wanene zaidi. Basi anayemeza vidonge vya vitamini D ili kitambi kiishe anapoteza pesa.

Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, kupitia kamati iliyoongozwa na Holick huyohuyo, kilishauri wanene wapewe dozi mara mbili hadi tatu ya wengine. Mwaka 2024 kikalegeza kamba: mtu mnene mwenye afya hahitaji kupimwa vitamini D kwa sababu ya unene tu. Kama daktari hajakuandikia, usivuke yuniti 4,000 kwa siku. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu na kuziumiza figo.