Programu ya Simu kwa Wapenzi Wawili: Kabla Hujaitengeneza, Soma Hapa!

Siku hizi watu wanapatana kwenye simu, wananuniana kwenye simu, na hata kuachana ni kwenye simu hiyo hiyo. Ndiyo maana kuna vijana wanaojifungia na kompyuta moja, peke yao, wakitengeneza programu za simu kwa ajili ya wapenzi: za kuandikiana, za kukumbushana miadi ya kliniki, za kuhesabu siku za hedhi. Huenda na wewe una wazo kama hilo. Safi sana! Ila ujue kwamba programu ya wapenzi si sawa na gemu. Ndani yake kuna siri za watu na miili ya watu. Hebu tuone.

Naanzia wapi?

Anza na karatasi na kalamu. Chora kila ukurasa wa programu yako, kisha jiulize: mtu akibonyeza hapa, nini kinatokea? Kama hujui kuandika lugha za kompyuta, ipo MIT App Inventor. Ni ya bure, na unaunganisha vipande kama matofali. Ukishakomaa unaweza kutumia Flutter ya Google, ambayo kazi moja inafaa kwa simu za Android na za iPhone. Kuweka programu kwenye duka la Google unalipa dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa mtu wa peke yake mfuko mwembamba, jibu unalo!

Je, tupo wawili tu?

Hapana. Simu mbili kwa kawaida haziongei moja kwa moja. Katikati kuna kompyuta nyingine iitwayo seva. Ujumbe unakwenda kwanza huko, ndipo unamfikia mwenzako. Kama haukufungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu zenu wawili tu, mwenye seva anaweza kuusoma. Na kama mtengenezaji ni wewe, mwenye seva ni wewe. Umeshika siri za watu, tena peke yako, bila mtu wa kukushika mkono.

Siri hizo zikivuja nini hutokea? Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani iliituhumu Flo, programu ya kuhesabu hedhi, kwamba ilipeleka taarifa za afya za wanawake kwa makampuni mengine, yakiwemo Facebook na Google, wakati iliahidi kuzitunza. Kampuni ilikubali masharti ya tume bila kukiri kosa. Kwetu pia sheria ipo. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa nyeti. Kwa hiyo usikusanye usichokihitaji. Tarehe za hedhi zinaweza kukaa kwenye simu ya mwenyewe bila kwenda seva kabisa.

Eti "siku salama"?

Hapa ndipo penye mtego. Programu nyingi nyepesi zinapiga hesabu kwamba kila mzunguko ni siku 28, na yai linatoka siku ya 14. Mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Basi programu inatoa 5 kwenye 14 na kusema: hatari inaanza siku ya 9, kabla ya hapo rangi ni ya kijani, poa tu!

Lakini mwili haukusoma hesabu hiyo. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA. Tuseme mwezi huu mzunguko wa binti umekuwa wa siku 24. Yai limetoka siku ya 10. Toa 5, hatari imeanza siku ya 5! Siku ya 5 hadi ya 8 programu ilimwonyesha kijani, kumbe angeweza kupata mimba. Na mabinti wengi, hasa miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mizunguko yao hupanda na kushuka.

Hata wataalamu hawafiki mia kwa mia. Elina Berglund, mwanafizikia wa Sweden aliyefanya kazi CERN, alianzisha na mumewe programu ya Natural Cycles, inayotumia pia joto la mwili. Marekani iliiruhusu kama njia ya uzazi wa mpango mwaka 2018. Hata hivyo, kwa matumizi ya kawaida, katika kila wanawake 100 wapatao 7 hupata mimba ndani ya mwaka. Je, hesabu yako ya 28 kutoa 14 itakuwaje? Na kumbuka, hakuna programu inayozuia VVU wala magonjwa ya zinaa. Kondomu inasaidia. Kusubiri pia ni uamuzi wa kiume na wa kike!

Mapenzi au ulinzi wa gereza?

Programu inayoonyesha mwenzako yuko wapi saa zote inaweza kugeuka pingu. Anayekudai namba ya siri ya simu yako ili "uthibitishe unampenda" anataka kukutawala. Ukitengeneza programu, weka haya:

1. Wawili waunganishwe kwa kukubali wote. Asiingizwe mtu kwa siri.
2. Yeyote aweze kujitoa dakika hiyo hiyo, bila kuomba ruhusa ya mwenzake.
3. Mahali mtu alipo pasionekane mpaka yeye mwenyewe apafungue, na aweze kupafunga.
4. Ukumbusho unaotokea juu ya kioo uandike "Kumbuka" tu, siyo "Muda wa dawa za VVU". Simu hukaa mezani, na watu wana macho.
5. Mtu akifuta taarifa zake, zifutike na kwenye seva.

Ukiona programu isiyo na haya, usiiweke kwenye simu yako. Na kama kuna mtu anakufuatilia au kukutisha kupitia simu, usinyamaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya.

Jadili na wenzako

Je, mpenzi ana haki ya kusoma ujumbe wako? Programu ikikosea na binti akapata mimba, nani atabeba mzigo: mtengenezaji, kijana wa kiume, au binti peke yake?